Makofi ya Mheshimiwa

Ijumaa mchana duka la vifaa vya sauti hujaa kana kwamba sherehe zote za mji zimepangwa kufanyika kesho yake, na kusema kweli huwa ndivyo. Watu wanarudisha spika, wanachukua spika, wanagombania nyaya, na kila mmoja ana bibi harusi anayempigia simu. Fundi alikuwa amesimama katikati ya foleni akikumbatia mikrofoni mbili korofi, kavaa ovaroli ya buluu na kitambaa cha njano kichwani kilichoficha nywele alizokosa muda wa kuzisuka. Mara akaona mtu anapita pembeni ya foleni. Wala hakuwa akinyata. Alipita kwa madaha, akisalimia kushoto na kulia kama mgeni rasmi.

Alivaa suti ya rangi ya maziwa, mchana kweupe, kwenye duka lililojaa vumbi. Manukato yake yalifika kaunta kabla yake. Jambo lililomshangaza Fundi ni kwamba watu walimpisha. Hakuwaomba; walisogea tu, kisha wakatazamana wakijiuliza kwa nini wamesogea.

"Kaka," Fundi akasema, "mwisho wa foleni uko mlangoni."

Yule bwana akageuka, akamtazama bila hasira hata chembe. "Nimeiona. Ndefu kweli. Poleni."

"Hatutaki pole. Tunataka urudi nyuma."

"Dada yangu, hunijui?"

"Sikujui."

"Basi leo umepata bahati."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na Fundi akajikuta naye anacheka, ingawa alikuwa amepanga kununa. Hapo ndipo udadisi ulipomwingia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua vitu. Redio ya marehemu baba yake aliifungua akiwa hajafika darasa la tatu, akitaka kujua yule anayesoma taarifa ya habari amekaa wapi. Sasa alimtazama huyu bwana wa suti ya maziwa akawa na swali lile lile: humu ndani kuna nini?

Bwana mwenyewe alikuwa mshereheshaji wa harusi na hafla. Jina la Mheshimiwa alibandikwa na wenzake kwa kumcheka. Yeye akalipokea kwa mikono miwili na kulichapisha kwenye kadi zake. Siku hiyo alikuwa anatafuta fundi wa mitambo, maana wa kwake alikuwa ameacha kazi kama walivyoacha waliomtangulia.

"Mchukue huyo," mwenye duka akasema, akimwonyesha Fundi. "Hana maneno mengi lakini mitambo inamtii."

"Kwanza niambie," Fundi akasema, "kwa nini mafundi wanakukimbia?"

"Wivu," Mheshimiwa akajibu kwa masikitiko ya kweli, kama anayetaja ugonjwa wa ndugu yake.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa hafla ya kumuaga mhasibu mkuu wa kampuni fulani. Wageni walikuwa wahasibu watupu, wamekaa kwenye meza za duara wakitazama saa. Mheshimiwa alitoa utani wa kwanza, ukaanguka. Akatoa wa pili, mtu mmoja akakohoa. Kutoka kwenye meza yake ya mitambo nyuma ya ukumbi, Fundi alimwona akianza kulegea. Mabega yaliteremka ndani ya suti, jasho likaloweka kola, na sauti ile nene ikaanza kukwaruza. Alionekana kama mtoto aliyepotea sokoni, na moyo wa Fundi ukashindwa kuvumilia.

Mshereheshaji akiwa jukwaani huwekewa spika ndogo miguuni, imemwelekea yeye, ili ajisikie anavyosema. Mafundi huiita monita. Kinachotoka humo wageni hawakisikii. Fundi alikuwa na mikrofoni ya ziada. Akaielekeza kwa wageni, akaiunganisha na monita peke yake, akaipandisha taratibu isije ikapiga mluzi. Meza moja ilipopiga makofi ya adabu, yalimfikia Mheshimiwa miguuni yakiwa mengi kama mvua juu ya bati.

Akanyooka. Utani uliofuata aliutoa kama mtu anayejua kwamba anapendwa, na wahasibu nao, nani anajua kwa nini, wakaanza kumpenda kidogo.

"Umewasikia?" alimwuliza Fundi baadaye, macho yanamwaka. "Umewasikia, kipenzi? Ukumbi ulitaka kupasuka."

"Nimewasikia," Fundi akasema. Alikusudia kumweleza kesho yake. Kesho yake asubuhi Mheshimiwa akampigia simu kumwambia kwamba amemfikiria mpaka usingizi ukamsusa, na maelezo yakaahirishwa.

Yakaendelea kuahirishwa, maana mapenzi yalishika kasi.

"Uko wapi, mrembo wa nyaya?"

"Kazini. Nalehemu waya."

"Huo waya una bahati, kushikwa na mikono ile."

"Mheshimiwa, nimeshika chuma cha moto. Usinichekeshe nikajiunguza."

"Ukiungua nitakuja nikupulize."

"Utachelewa kufika. Wewe hata moto utausubirisha."

Tusimwonee Fundi. Alimpenda mtu yule, na alikuwa na sababu. Kutembea naye kulikuwa kama kutembea na bendi. Wahudumu wa hoteli walikimbia, milango ilifunguka, vikongwe walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliimba barabarani. Alicheza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kumshika kiuno. Fundi, aliyezoea kukaa nyuma ya kila ukumbi, alijiona ametolewa gizani na kuwekwa kwenye mwanga.

Ila mwanga wenyewe haukuwa wake. Mheshimiwa alichelewa miadi kwa saa nzima na akifika anasema, "Nimefika, sasa furahi." Alichukua nyama kwenye sahani ya Fundi bila kuomba. Fundi alipougua mafua, alikuja kumwona na hadithi ya mafua yake mwenyewe ya zamani, yaliyokuwa makali zaidi. Hakuwa na ubaya moyoni, na hilo ndilo lililomvutia Fundi na kumtatiza. Mtu mchoyo hujua kwamba anakunyima. Huyu hakuwa na habari kwamba kuna mtu mwingine mwenye njaa mezani.

Siku moja alimletea gauni la zambarau, la hariri, lenye shanga kifuani. "Livae Jumamosi. Linaendana na tai yangu."

Fundi alilijaribu nyumbani mbele ya Shangazi, muuza vitambaa aliyemlea. Shangazi akavaa miwani, akamzunguka.

"Limekubana."

"Yeye kalipenda."

"Analivaa nani?"

"Shangazi jamani."

"Mimi simsemi vibaya bwana wako. Ananichekesha hata mimi. Nakuuliza kitu kimoja tu. Umewahi kumwambia hapana?"

Fundi akafikiri. Akafikiri zaidi. "Haja haijatokea."

"Haja ipo hapo kwapani, inataka kuchanika." Shangazi akaketi kitandani. "Mwanangu, kabla hujaolewa naye mwambie hapana. Hata moja ndogo tu, halafu uone kinachotoka. Akivunja vyombo, utajua. Akihama mji, utajua. Lakini usiingie ndani ya nyumba ya mtu ambaye hujui anafanya nini na neno hilo."

Usiku huo Fundi aliligeuza neno lile kichwani. Alitaka kuolewa na Mheshimiwa, hilo alilijua waziwazi. Na aliogopa, kwa sababu hakuweza kabisa kuiona sura ya mtu yule akiwa amekataliwa.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa akampeleka kwa mama yake. Sebule ilikuwa ndogo na safi, ukutani picha tupu za Mheshimiwa: anahitimu, anacheza, ameshika mikrofoni. Mama mwenyewe hakuwamo hata katika moja. Simu ilipomwita mwanawe nje, mama akamsogelea Fundi.

"Utotoni alikuwa akianguka, sote tunaipiga sakafu. 'Mbaya wewe, umemwangusha mtoto.' Bibi yake aliipiga kwa mwiko kabisa." Akacheka, halafu kicheko kikapungua. "Baba yake hakuwa akimpa neno jema. Wala baya. Alikuwa anapita tu, kama mtoto ni kiti. Nikasema basi nitamsifia mimi kwa niaba ya wawili. Nadhani nilitia chumvi mno."

Fundi alicheka naye, kisha akaacha. Alikumbuka mikrofoni yake ya ziada. Na yeye je, kila Jumamosi alikuwa akifanya nini, kama si kuipiga sakafu kwa mwiko? Walikuwa wanamvika mtu mzima kilemba cha ukoka, yeye na mama mkwe mtarajiwa, kila mmoja kwa mapenzi yake.

Akaamua kupunguza kidogo kidogo, kama daktari anavyompunguzia mgonjwa dawa. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kupanda jukwaani, Mheshimiwa aliinua mabega na kuvuta pumzi kama anayetaka kuruka mtaro, na kidole cha Fundi kikakataa kushuka.

Harusi iliyoharibu mambo ilikuwa ya alasiri. Bibi harusi alikuwa nesi, mtu mpole. Mheshimiwa alivaa koti la dhahabu lililomfunika hata bwana harusi. Ulifika wakati wa baba wa bibi harusi kusema. Mzee alikuwa ameshasimama, karatasi ya hotuba mkononi, Mheshimiwa akamshika bega kwa upole, akamzuia.

"Kabla ya mzee wetu, nina tangazo. Mabibi na mabwana, geukeni nyuma. Mnamwona yule mrembo wa zambarau kwenye mitambo? Huyo ndiye mke wangu mtarajiwa. Mwisho wa mwaka tunafunga ndoa, na wote mmealikwa. Mpigieni makofi."

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi akahisi damu imempanda hadi masikioni. Hawakuwa wamezungumza lolote kuhusu mwisho wa mwaka. Hawakuwa wamezungumza lolote kabisa kuhusu ndoa. Mzee bado alikuwa amesimama, na bibi harusi alitabasamu kama anayesubiri mpiga picha amalize. Watu wachache wakapiga makofi, kwa kusitasita.

Lakini kwenye monita yalikuwa ngurumo. Mheshimiwa akainua mikono yote miwili, uso unang'aa. "Asanteni," akasema. "Asanteni jamani. Basi, inatosha. Nimesema inatosha."

Wageni wakatazamana. Makofi yenyewe yalikuwa ya watu wawili watatu. Mmoja akamnong'oneza jirani yake, wakaanza kucheka chini chini, na Fundi akaona wazi kwamba hawacheki pamoja na Mheshimiwa. Wanamcheka. Aliona aibu, akaona uchungu, na juu ya yote akaona huruma ile ya siku ya kwanza imemfikisha wapi mpenzi wake. Akaishusha sauti ya monita mpaka chini.

Mheshimiwa akasikia feni za darini. Akasikia kijiko kikigonga sahani. Akainama kuitazama monita, akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Fundi," akasema, na ukumbi wote ukamsikia, "mitambo imekata."

"Mitambo iko sawa," Fundi akajibu bila mikrofoni, na kwa ukimya uliokuwapo alisikika hadi mbele.

Mheshimiwa alimaliza kazi kwa kujikaza kisabuni. Baadaye wakakutana nyuma ya ukumbi, penye kreti za soda.

"Umenihujumu."

"Nilikuhujumu siku ya kwanza. Leo nimeacha." Akamweleza yote, mikrofoni ya ziada, monita, kidole chake. Alieleza haraka, akiogopa kunyamaza.

Mheshimiwa akaketi juu ya kreti na koti lake la dhahabu. "Wale wahasibu?"

"Meza moja."

"Na ile harusi ya mapacha?"

"Pale walikupenda kweli. Niliongeza kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi akatazama kidole chake. Kwa muda mfupi uso wa Mheshimiwa ukawa mtupu, hauna mtu, na Fundi alitamani kuushika kwa viganja. Kisha ukajifunga.

"Wewe ni kama wale wengine," akasema. "Wivu tu." Akaondoka bila kugeuka.

Fundi alifika nyumbani analia. Shangazi alimfungua zipu ya gauni bila kuuliza, mpaka Fundi mwenyewe aliposema, "Nimemwambia hapana."

"Wapi?"

"Harusini. Ukumbini."

"Mbele ya wageni wote?" Shangazi akashusha pumzi. "Mimi nilisema moja ndogo, mwanangu." Kisha akamwambia asilotaka kulisikia, kwamba naye amekosa, maana alimdanganya mtu kwa miezi na kumwambia ukweli mahali pabaya kuliko pote. Fundi hakubisha.

Simu ikapigwa siku iliyofuata. "Nasubiri uniombe radhi," sauti ikasema.

"Nakuomba radhi kwa kukudanganya. Kwa kuacha, siombi."

Ikapigwa tena. "Bado nasubiri." Halafu haikupigwa. Fundi alirudi kufanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha duka, akitengeneza spika zilizopasuka. Alimkumbuka Mheshimiwa kuliko alivyotegemea. Alikosa kuimbiwa barabarani. Alikosa hata kuibiwa nyama. Mara kadhaa alishika simu ampigie, akaiweka.

Mwezi ukapita. Jumanne moja mlango wa nyuma ukagongwa, akaingia mtu mwenye shati la kawaida la mikono mifupi. Fundi alichelewa kumtambua, kwa sababu hakuwahi kuviona viwiko vyake mchana.

"Nilikwenda kwa yule mzee, baba wa bibi harusi," Mheshimiwa akasema, bado amesimama. "Nilikwenda kumwomba radhi. Nikajikuta namweleza nilivyoumia mimi. Akanisikiliza, akanipa chai. Nimefika nyumbani ndipo nagundua sikuomba."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi kesho yake."

"Ukaomba?"

"Nikaomba. Ilikuwa fupi. Sikujua kwamba inaweza kuwa fupi vile."

Fundi aliweka chini chuma chake cha moto. Hakuthubutu kutabasamu mapema.

"Halafu nimefanya kazi," akaendelea, "mahafali ya shule ndogo. Hakuna monita, hakuna kitu. Walicheka wachache. Lakini mlinzi wao alicheka. Ana pengo hapa mbele, akicheka anaziba mdomo kwa kofia." Akaonyesha, kofia isiyokuwapo ikiwa mdomoni. "Miaka yote hii sijawahi kumwona mtu akicheka. Nilikuwa nawasikia tu. Nilikuwa nasikiliza nimependwa kiasi gani."

"Na mimi nilikuwa naongeza."

"Ulikuwa unaongeza." Hakusema kwa hasira. Akaegemea rafu ya spika. "Lakini siku ile ulinikataa mbele za watu."

"Sikukukataa. Hukuniuliza. Uliwatangazia wageni."

Fundi alimwona akilirudia lile tukio kichwani, neno kwa neno, akitafuta swali alilokuwa na hakika ameliuliza. Hakulipata. Ilikuwa ajabu kumtazama.

"Nikuulize sasa?"

"Niulize."

Mikono yake ikatafuta pa kukaa, ikakosa, ikaning'inia. "Utakubali nikuoe?"

Fundi alijua jibu alilokuwa nalo moyoni, na alijua lingine lazima litangulie.

"Hapana," akasema.

Akamtazama usoni kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote alichokifungua. Mabega yalipanda. Mdomo ukafunguka, na Fundi aliuona utani ukija, mkubwa, wa kufunika kila kitu. Haukutoka. Macho yakajaa maji, yakakasirika, yakashuka sakafuni. Dukani mbele mteja alikuwa akijaribu mikrofoni, moja, mbili, moja, mbili.

"Hiyo ni hapana ya leo au ya siku zote?"

"Ya leo. Ya kesho sijaijua."

"Inauma," Mheshimiwa akasema. Akajishika chini ya kifua, kwa mshangao. "Inauma hapa. Kumbe inakaa hapa."

"Najua."

"Nikiondoka sasa hivi utasema nimekasirika?"

"Umekasirika?"

"Sana."

"Basi kaa, huku umekasirika."

Alisimama akiupima mlango kwa macho. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, akaketi kati ya spika zilizopasuka, mikono kifuani, amenuna kama mtoto, akakaa hivyo mpaka duka likafungwa. Fundi alirudi kwenye waya wake. Alikuwa na furaha hata risasi ya kulehemu ikamwagika pembeni, kwa sababu sasa alijua kwamba ataolewa na mtu huyu. Wiki ile hakumwambia.